Malaika Hauzwi wala Haamriwi

Ndugu wasomaji, yako maneno mawili yanayosemwa siku hizi katika vijiji vyetu vya Masakta na katika nchi yote ya Hanang na Mbulu, nasi twaona si haki kuyanyamazia. Neno la kwanza latoka vinywani mwa wachuuzi. Husema kwamba mtu akinunua chupa ya mafuta, au kipande cha kitambaa, au akituma sadaka kwa njia ya simu, atapewa malaika wa kumlinda yeye na nyumba yake, na ng'ombe wake, na shamba lake la mahindi. Neno la pili latoka vinywani mwa majirani, nalo ni baya kuliko la kwanza. Husemwa juu ya wale waliofariki Katesh na vijiji vya karibu yake, siku ile matope yaliposhuka kutoka mlima Hanang, tarehe 3 Desemba 2023: kwamba waliopona walikuwa na malaika, na waliokufa malaika wao aliwaacha.

Maneno haya mawili ni ndugu wa tumbo moja. Maana kama malaika hupatikana kwa kununua, basi aliyekufa ni yule asiyenunua. Na kama aliyekufa aliachwa na malaika wake, basi aliye hai hana budi kumkimbilia mchuuzi upesi. Hivyo msiba wa jirani umefanywa kuwa tangazo la biashara. Sisi tunaofundisha watoto kusoma Biblia twasema wazi kwamba maneno haya hayamo ndani yake, tena Biblia yenyewe yayapinga. Wala hatutaki mtu atuamini kwa kuwa tu walimu; na afungue kitabu chake, asome pamoja nasi.

Na tuanze na jina. Neno malaika limetufikia kwa njia ya Kiarabu, nalo ni jamaa ya neno la Kiebrania mal'ak, ambalo maana yake ni mjumbe. Wayunani walisema angelos, na maana yake ni ile ile. Hata watu wa kawaida wakitumwa huitwa kwa neno hilo katika Agano la Kale. Kwa mfano, wale ambao Yakobo aliwatanguliza kwa Esau nduguye katika Mwanzo 32. Basi malaika ni jina la kazi, wala si jina la umbo. Maserafi aliowaona Isaya walikuwa na mabawa sita kila mmoja. Lakini wageni watatu waliomjia Abrahamu katika Mwanzo 18 walionekana kama watu wasafiri, wakaletewa maji ya kunawa miguu, wakakaa kivulini, wakala. Ndiyo sababu Waraka kwa Waebrania, sura ya 13, watuonya tusisahau kuwakaribisha wageni, kwa kuwa wako waliowapokea malaika pasipo kujua. Wazee wa Waswahili nao walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sasa kila mwanakijiji aijua desturi ya mjumbe. Mkuu wa wilaya akimtuma mtu kwetu na habari, mtu huyo ni wake aliyemtuma. Hatuwezi kumwambia arudi akatuletee habari nyingine tuipendayo zaidi, wala hatuwezi kumwajiri akae mlangoni petu awe mlinzi wa zizi. Tukimpa fedha ili afanye tutakavyo sisi, hiyo ni rushwa. Naye akiipokea amekwisha kuacha kuwa mjumbe. Methali yasema, mjumbe hauawi. Sisi twaongeza, wala hanunuliwi.

Tazameni jinsi malaika wanavyokuja katika Maandiko. Hajiri hakumwita malaika. Alikuwa mjakazi mwenye mimba, amekimbia mateso ya bibi yake, hana kitu mkononi. Na malaika wa Bwana alimkuta penye chemchemi nyikani (Mwanzo 16). Manoa, babaye Samsoni, alitaka kumwandalia mgeni wake mwana-mbuzi, akamwuliza na jina lake ili apate kumheshimu. Malaika hakula chakula chake, wala hakumtajia jina, bali alimwambia kwamba akitaka kutoa sadaka amtolee Bwana (Waamuzi 13). Zakaria na Mariamu hawakumwagiza Gabrieli. Petro gerezani alikuwa amelala usingizi hata malaika akampiga ubavuni kumwamsha (Matendo 12). Na Yohana alipoanguka miguuni pa malaika ili amsujudie, alikatazwa mara mbili, katika sura ya 19 na ya 22 ya Ufunuo, kwa maana malaika yule alijihesabu kuwa mtumishi mwenzake tu.

Katika habari hizi zote hapana aliyelipa, hapana aliyeamuru, wala hapana aliyeuziwa jina la siri. Tena twaona alama ya mjumbe wa kweli: hukataa chakula, hukataa kusujudiwa, humwelekeza mtu kwa Mungu, kisha huenda zake. Mchuuzi wa malaika hafanyi hivyo. Yeye hula, hupokea heshima, huwaelekeza watu kwake mwenyewe, na juma lijalo hurudi tena.

Labda watatujibu, Je, Zaburi ya 91 haisemi kwamba Mungu atawaagiza malaika wake wamlinde mtu wake? Naam, yasema hivyo, nasi twaisadiki. Lakini msomaji na akumbuke ni nani aliyeitaja Zaburi hiyo katika Injili. Ni Ibilisi, juu ya kinara cha hekalu, alipomshawishi Bwana Yesu ajitupe chini (Mathayo 4). Ahadi ilikuwa ya kweli, lakini Ibilisi alitaka kuigeuza iwe hati ya deni, ambayo kwayo mtu aweza kumdai Mungu kama adaiwavyo mkopaji dukani. Bwana akakataa, akajibu kwa Torati kwamba haifai kumjaribu Mungu. Tena usiku ule wa kukamatwa kwake alisema kwamba angeweza kumwomba Babaye, naye angempelekea majeshi zaidi ya kumi na mawili ya malaika (Mathayo 26). Liangalieni neno hilo: kumwomba Baba. Na hata kuomba huko hakukufanya, akauendea msalaba. Basi ni nani huyu wa leo asimamaye penye kipaza sauti akiwaamuru malaika waende kulia na kushoto kama vijana wa kuchunga?

Hata wazee wetu Wairaqw ambao hawakuisikia Injili walijua adabu hii. Katika slufay, yaani sala ya wazee na mkutano, walimwomba Looaa awape mvua na uzima, waliomba, hawakuamuru. Tena walisema kwamba katika chemchemi hukaa pepo waitwao netlangw, nao walipaswa kutulizwa kwa sadaka ili wasidhuru watu. Hofu ile Injili ilituondolea. Walakini leo twaona watu waliobatizwa wakiirudia kwa jina jingine: mafuta yamwagwa kizingitini, chumvi yamwagwa shambani, na yule anayetulizwa aitwa malaika. Kubadili jina hakubadili kitu. Mtu akimfunga fisi kengele ya mbuzi, zizi halitapona kwa ajili ya kengele.

Mtu asidhani kwamba twawakana malaika, au kwamba twataka kuwagombanisha Wakristo wa madhehebu mbalimbali. Kanisa Katoliki huwakumbuka Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli tarehe 29 Septemba, na malaika walinzi tarehe 2 Oktoba, na watoto wake hufundishwa kumwomba malaika mlinzi. Martin Luther katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 aliweka sala ya asubuhi na ya jioni ambamo Mkristo amwomba Mungu kwamba malaika wake mtakatifu awe pamoja naye. Njia hizi mbili si moja, wala hatukushika kalamu leo ili kuziamua. Lakini katika jambo moja zapatana kabisa: sala hizo ni bure. Mtoto wa maskini kuliko wote azisali kitandani pake, gizani, pasipo mtu wa katikati na pasipo bei.

Wala ujanja huu si mpya. Yapata miaka 1,280 iliyopita, katika nchi ya Wafranki huko Ulaya, alikuwako mtu aliyeitwa Adelbert. Alisema kwamba anayo barua ya Yesu iliyoanguka kutoka mbinguni. Aliwagawia watu nywele zake na kucha zake kuwa vitu vitakatifu. Tena alitunga sala yenye majina manane ya malaika. Mwaka 745 Papa Zakaria na maaskofu wake walikutana Roma, wakaisikiliza sala ile, wakasema kwamba katika majina yale yote wamjua Mikaeli peke yake, na yaliyobaki ni ya mashetani. Na mwaka 2001 Roma ilikumbusha tena kwamba haifai kuwapa malaika majina yao ya pekee, ila yale matatu yaliyomo katika Maandiko. Gabrieli na Mikaeli wanajulikana na Wakristo wote. Rafaeli yumo katika kitabu cha Tobiti, ambacho kimo katika Biblia ya Wakatoliki. Basi mtu akija kijijini na orodha ya majina mengine, yuko malaika wa fedha, yuko malaika wa ndoa, yuko malaika wa kufaulu mitihani, mjue kwamba bidhaa yake ni kuukuu sana, nayo imekwisha kukataliwa sokoni zamani.

Tena uovu wake haukomi katika kupoteza fedha. Miaka ya 1980 katika nchi ya Waacholi, kaskazini ya Uganda, mwanamke aitwaye Alice Auma alisema kwamba ameingiwa na roho aitwaye Lakwena. Neno hilo katika Kiacholi maana yake ni mjumbe. Ndiyo maana ile ile ya neno letu malaika. Vijana walimfuata kwa maelfu. Walipakwa mafuta, wakaambiwa kwamba risasi hazitawadhuru. Walishuka kusini wakipigana, na mwishoni mwa mwaka 1987 walishindwa karibu na Jinja, na wengi waliotumaini mafuta yale walikwisha kuuawa kwa risasi. Yeye alikimbilia Kenya, akafa huko katika kambi ya wakimbizi mwaka 2007. Nasi Watanzania tusiwacheke majirani. Tarehe 1 Februari 2020, katika mji wa Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana kwenye mkutano wa dini, kwa kuwa watu walikimbilia kukanyaga mafuta yaliyomwagwa, wakiambiwa kuwa yana baraka. Walitafuta ulinzi, wakapata kifo, na waliokanyagana walikuwa ndugu katika sala.

Sasa twaja kwenye neno la pili, lile la majirani. Hapa twaomba msomaji asome polepole, maana tunasema habari za watu waliozikwa.

Siku ile ya matope ilikuwa Jumapili, tena Jumapili ya kwanza ya Majilio. Mvua ilikuwa imenyesha sana. Asubuhi upande wa mlima ulimeguka, na matope yenye mawe na magogo yakafuata mabonde ya maji hata yakafika katika makazi ya watu, Katesh mjini na katika vijiji vilivyo chini ya mlima. Waliofariki walipita 80. Walikuwamo wazee na watoto, watu wa sala na watu wasiosali. Je, wote hao waliachwa na malaika wao?

Swali hili Bwana Yesu aliulizwa, naye alilijibu. Katika Luka 13 aliwakumbusha watu wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu; kisha akajibu mwenyewe kwamba sivyo, akawaita waliobaki hai watubu. Hakuwapa walio hai ruhusa ya kuwahukumu waliokufa. Na mwenye kutaka ushahidi zaidi na asome tena Matendo 12, lakini aanze na mistari ya kwanza ambayo wengi huiruka. Sura ile ile inayotuambia kwamba malaika alimtoa Petro gerezani, yatuambia kwanza kwamba Herode alimwua kwa upanga Yakobo nduguye Yohana. Wote wawili walikuwa mitume. Wote wawili waliutazama utukufu wa Bwana mlimani. Petro hakutoa sadaka iliyo kubwa kuliko ya Yakobo, wala Yakobo hakuachwa. Mungu alimfungulia mmoja mlango wa gereza, na mwingine alimfungulia mlango wa mbinguni. Na kwa nini ilikuwa hivyo, Luka hakuandika. Pale ambapo Luka ameinyamazisha kalamu yake, jirani naye na aunyamazishe ulimi wake.

Wazazi wengine waliofiwa wamefarijiwa kwa kuambiwa kwamba mtoto wao sasa amekuwa malaika. Twajua neno hili hutoka katika huruma, na Kiswahili chenyewe humwita mtoto mchanga malaika. Lakini imani yetu yawapa faraja iliyo kubwa zaidi. Waraka kwa Waebrania, sura ya 2, wasema kwamba Kristo hakuja kuwasaidia malaika, bali wanadamu. Na Paulo awaambia Wakorintho kwamba watakatifu watawahukumu malaika (1 Wakorintho 6). Mtoto yule hakugeuzwa kuwa kitu kingine. Yeye ni yule yule mliyempa jina, na kwa jina lake mwenyewe atafufuliwa.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo twalitaka lishikwe kuliko yote. Katika Matendo 10 malaika alimtokea akida wa Kirumi aliyeitwa Kornelio. Malaika yule alikuwa mbele yake, mwenye nuru, mwenye kusema. Angeweza kumhubiri Injili papo hapo. Hakufanya hivyo. Alimwambia apeleke watu Yafa wakamwite Petro, akamwelekeza na nyumba alimokaa, kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi, kando ya bahari. Kisha akaenda zake. Kazi iliyobaki ilikuwa ya wanadamu: kutuma watu, kusafiri, kupokea wageni, kuhubiri, kubatiza. Mjumbe huleta neno. Kutenda ni juu yetu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Katesh. Waliowatoa watu katika matope walikuwa majirani zao wenye majembe na mabeleshi, na wengine kwa mikono mitupu, na askari wa Jeshi la Wananchi, na waganga na wauguzi, na akina mama waliopika uji kwa ajili ya waliokosa makao. Kama Mungu aliwatuma malaika siku ile, nasi twasadiki aliwatuma, yawezekana waliowaona waliwadhania kuwa watu wenye tope magotini. Na wale wataalamu waliopanda mlima kutazama walisema kwamba sehemu yenye mwamba dhaifu ilikunywa maji ya mvua hata ikalemewa na kumeguka. Habari hiyo nayo ni ujumbe. Yatutaka tuache kujenga katika mikondo ya maji, tusikate miti ya mteremkoni, tusikie maonyo ya mvua yatolewayo redioni, na tukiona ufa mpya mlimani au mto umebadili rangi yake, tupige mbiu na kuwaarifu wakubwa wa kijiji kabla ya usiku. Mtu aliyemwaga mafuta kizingitini kisha akalala katika mkondo wa maji amefanya lile ambalo Bwana alilikataa juu ya kinara cha hekalu.

Basi, ndugu, mchuuzi akibisha hodi, msimpige wala msimtukane. Mpeni maji, maana ni mgeni. Kisha mwulizeni maswali matatu. Nani amekutuma? Ujumbe wako wapatana na Injili tuliyoipokea? Maana Paulo awaandikia Wagalatia kwamba hata malaika kutoka mbinguni akihubiri nyingine asisikilizwe. Na la tatu, fedha hii ni bei ya nini? Akishindwa moja tu, mfunguzeni mlango kwa heshima aende zake, na fedha mliyotaka kumpa ipelekeni kwa mjane aliyepoteza nyumba.

Na kwa jirani mwenye ulimi twasema hivi. Yule mjakazi Hajiri, alipokwisha kusema na malaika penye chemchemi, hakujisifu kwamba amepata malaika. Alimpa Mungu jina, akamwita Mungu amwonaye. Mungu huyo aliwaona watu wa Katesh asubuhi ile, waliotoka katika matope na wasiotoka. Nasi mtu akituuliza malaika wao walikuwa wapi, tutamjibu kwamba walikuwa pale pale Mungu alipowatuma. Kisha tutamwuliza yeye, wewe ulitumwa wapi, nawe ulikwenda?